Pijo ya Kebirigo na Silsila ya Wenyewe

Ilinifikia barua kabla ya mvua za masika, imeandikwa kwa mkono wa mtu aliyezoea ubao na chaki. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Kebirigo, katika Kaunti ya Nyamira. Alinieleza kwamba nyumbani kwa jirani yake ipo motokaa ya zamani, Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ambayo imelala chini ya mparachichi tangu mwaka 2004. Wana wa marehemu ambaye jina lake limo kitabuni wamekwisha kupatana bei na mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Lakini wazee wa hapo wanasema motokaa ile haikuwa ya mtu mmoja. "Wewe ni mtu wa pwani na mtu wa vitabu," aliandika mwalimu, "nami nimesikia motokaa hii ilitoka kwenu. Njoo utusaidie kuijua asili yake kabla lori halijaja."

Sikuwa na elimu ya motokaa, wala sina hata sasa. Lakini neno lile "ilitoka kwenu" lilinichoma. Nikafunga safari.

Mtu aendaye Nyamira kutoka mji wa Kisii siku hizi hupakiwa katika Probox. Ni kigari kidogo cha Toyota kilichobuniwa kubeba watu watano na mizigo yao, lakini Wagusii wamekifundisha kubeba kumi na zaidi, na mmoja wao hukaa kiti kimoja na dereva, bega kwa bega, kama bwana harusi na mpambe wake. Nilikaa nyuma na mkungu wa ndizi magotini. Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu, alipojua niendako na niendalo, alicheka mpaka akafuta machozi. "Pijo!" akasema. "Mimi nilipelekwa kwa mume wangu katika Pijo."

Ama kwa hakika hakuna motokaa iliyoingia katika maisha ya watu wa bara kama hiyo. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta alipotoa ruhusa kwa matatu kubeba abiria bila ya leseni maalumu, zilizojitokeza kwa wingi katika njia ndefu zilikuwa Pijo, kwanza 404 na kisha 504. Zilikuwa zimekwisha kupata sifa katika mashindano ya Safari. 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. 504 ikatwaa ushindi 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 kwa mkono wa Jean-Pierre Nicolas. Mkulima wa pareto wa Nyamira hakuhitaji tangazo la biashara. Alikuwa ameona kwa macho yake, au amesikia kwa redio, ni motokaa gani iliyotoka katika tope ikiwa nzima.

Basi nikafika, nikaiona. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, sasa imekuwa ya vumbi. Kuku wametaga katika kiti cha nyuma kabisa. Simba wa Peugeot pale mbele amepoteza mguu mmoja. Mwalimu alikuwa amemwita fundi wa makamo kutoka mtaa wa Wanubi mjini Kisii, mtu mwenye kofia na tasbihi mfukoni, naye akaniamkia "Sheikh" jambo ambalo si haki yangu. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa akiitengeneza Pijo ile, na yeye akimshikia spana tangu akiwa kijana. Akafungua boneti, akasugua kibati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka maandishi ya Kifaransa yakatokea, na chini yake aina na nambari ya motokaa.

Kibati hicho kina mengi ya kueleza. 504 ilitolewa kwa walimwengu Septemba 1968, nayo ilichelewa kwa sababu migomo ya Mei mwaka ule ilisimamisha viwanda vya Ufaransa. Umbo lake lilichorwa pamoja na Pininfarina wa Italia, na mwaka 1969 ikachaguliwa kuwa motokaa bora ya mwaka barani Ulaya. Kiwanda chake mama ni Sochaux, mashariki ya Ufaransa, ambapo ukoo wa Peugeot ulikuwa umetengeneza misumeno na vinu vya kusagia kahawa miaka mingi kabla haujagusa motokaa. (Kinu chao cha kahawa ni cha mwaka 1840. Nilipomweleza mwalimu alitikisa kichwa, akasema: "Kumbe tulikuwa tunawarudishia pesa zao." Kahawa ya Wagusii ndiyo iliyonunua Pijo nyingi baada ya bei kupanda sana mwaka 1976 na 1977.) Hii ndefu iliongezewa nafasi kati ya magurudumu, na nyuma ikatiwa springi nne badala ya mbili. Ndiyo maana iliweza kubeba arusi nzima, na jeneza juu ya paa, bila ya kuburura mkia.

Huko Ulaya watu wenye motokaa za zamani huandikia viwanda, wakapewa hati ya kuonyesha motokaa yao ilitoka siku gani, rangi gani, ikapelekwa kwa nani. Motokaa yenye nasaba iliyoandikwa huuzwa kwa bei maradufu kuliko yatima. Lakini fundi wetu alisema hapana haja ya kuandikia Ufaransa, kwa sababu hii haikumalizwa Ufaransa. Akafungua ngozi ya mlango wa nyuma wa kushoto, ambako kioo kilikuwa kimeanguka zamani, akaniita nitazame. Ndani ya bati, kwa penseli nene, mtu alikuwa ameandika nambari mbili, na chini yake neno moja: TAYARI.

Nilisimama pale kwa muda. Mimi nilikulia Changamwe. Nilipokuwa mtoto wa chuo, nikitoka kwa maalim na ubao kwapani, tulikuwa tukisimama kando ya barabara kuhesabu motokaa mpya zilizotoka Miritini, hazina hata nambari za usajili, zinang'ara kama samaki waliotolewa majini sasa hivi. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kilianzishwa pale katikati ya miaka ya 1970, wakati mmoja na vile vya Thika na Nairobi, serikali ilipotaka motokaa ziunganishwe humu nchini. Baadaye, niliporudi Mombasa, nilimtafuta mzee mmoja aliyekuwa mchomeleaji huko, nikamwonyesha picha ya mlango ule. Hakushangaa. Alinieleza jinsi vipande vya bodi vilivyoshushwa Kilindini ndani ya makasha, vikaunganishwa kwa moto, vikapakwa rangi, ndipo vikatiwa injini, nyaya na viti. Na baadhi ya vifaa, kama matairi na betri, vikawa vya humu humu nchini. Mtu akimaliza sehemu yake hutia alama ili wa pili asirudie. "Mwandiko si wangu," alisema, akiisogeza picha karibu na macho. "Mimi T yangu ilikuwa na mkia." Kazi hiyo ya Pijo pale Miritini iliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hapo asili ya kiwanda ikawa imepatikana. Uzito wa jambo ulikuwa katika wenyewe.

Kitabu cha motokaa kilikuwa mikononi mwa mwana mkubwa wa marehemu, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi za bima zilizokwisha miaka mingi. Kilionyesha wenye motokaa wanne: kampuni moja ya Nairobi mwaka 1979, kisha mtu wa Nakuru, kisha mfanyabiashara wa Kisumu, na mwisho, mwaka 1983, marehemu mwenyewe, anwani yake Kisii. Ndiyo, Kisii, kwani wakati huo Nyamira haikuwa imetengwa kuwa wilaya. Nambari yake ya usajili ni zile za herufi tatu na tarakimu tatu, zisizo na herufi ya mwisho, kama ilivyokuwa kawaida kabla ya 1989. Nilijaribu kupata faili lake la zamani katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijana muungwana aliyenihudumia alisema kompyuta yake inamjua mwenye motokaa wa mwisho tu. Hayo mengine, kama yapo, yamo katika ghala, na mwenye kulijua ghala amestaafu.

"Sasa umeona," alisema yule mwana mkubwa, kwa adabu. "Mwenyewe ni baba."

Sikumlaumu. Ana karatasi. Lakini Sheria ya Barabara ya Kenya yenyewe, kifungu cha 8, husema kwamba aliyeandikishwa atahesabiwa kuwa ndiye mwenye motokaa isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ni mlango uliorudishwa bila ya kufungwa. Nani atakayethibitisha, na kwa njia gani, ikiwa hapana karatasi ya pili?

Hapo nikakumbuka chuo. Tulifundishwa kwamba habari haipokelewi kwa utamu wake, bali kwa isnadi yake: fulani kasikia kwa fulani, aliyesikia kwa fulani aliyeona. Kila mmoja huulizwa maswali. Je, alikuwapo? Alikutana na huyo anayemtaja? Kumbukumbu yake ni nzima? Ana faida gani katika analolisema? Na habari ikija kwa njia mbili zisizokutana, hupata nguvu. Wazee wetu walizikagua hivyo habari za dini. Sikuona kwa nini isifae kwa Pijo.

Nikaanza na fundi wa Kinubi, kwa kuwa hana urithi wowote pale. Alisema baba yake alichukuliwa mpaka Kisumu mwaka 1983 kwenda kuikagua motokaa kabla ya kununuliwa, naye mwenyewe, kijana wa miaka kumi na minne, akafuatana naye. Waliporudi Kebirigo, aliona kwa macho yake wanaume wakihesabu fedha nyuma ya duka, noti za ishirini na za mia, nyingine zikinuka moshi wa jikoni. Zilikuwa fedha za bonasi ya chai, na za pareto. Aliwahesabu wanaume wale kwa sababu baba yake alimtuma awaletee soda, naye akaogopa kukosea. Walikuwa kumi na mmoja. Marehemu alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyechaguliwa aandikwe kitabuni kwa kuwa alijua Kiingereza cha ofisini.

Njia ya pili ilikuwa Keroka. Huko yuko dereva wa kwanza wa Pijo ile, omogaka wa miaka themanini na ushei, mguu mmoja hauna nguvu lakini ulimi ni mzima kabisa. Hajaonana na fundi yule tangu aache udereva. Alinitajia njia zake zote: asubuhi Kebirigo mpaka Kisii, jioni kurudi, siku za soko mara tatu, usiku, akiamshwa, wajawazito kupelekwa hospitali ya Nyamira, na nauli ya wajawazito hakuidai kwa sababu ndivyo walivyoamuru wenyewe. Alitaja hata mwaka 1984, sheria ilipobadilishwa na matatu zikatakiwa kuwa na leseni ya abiria, jinsi walivyochangishana tena ili ipate kupita ukaguzi. Nikamwuliza: wenyewe walikuwa wangapi?

"Kumi na wawili," alisema bila ya kufikiri. "Kila Jumamosi jioni nilitoa mafungu kumi na mawili. Mkono wangu unayajua."

Hapa, wasomaji, nilihisi kwamba safari imeharibika. Mmoja kasema kumi na moja, mwingine kumi na mbili, na wote wawili ni wakweli. Mtu mwenye haraka angewatupa wote. Lakini maalim wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba wakweli wawili wakihitilafiana, usimtafute mwongo kwanza. Tafuta kila mmoja alisimama wapi. Fundi alisimama nyuma ya duka, siku ya kuhesabu fedha. Dereva alisimama mlangoni, siku za kugawa mapato. Aliyepokea fungu bila ya kuonekana dukani alikuwa nani?

Nilimwuliza dereva lile fungu la kumi na mbili alimpa nani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Si yule mama wa pareto," akasema.

Mama huyo yu hai. Nyumba yake haifiki hatua mia mbili kutoka kwenye mparachichi. Alikuwa mjane tangu ujana, na mwaka ule alikuwa na pareto nyingi kuliko wanaume kadhaa kati ya hao kumi na mmoja. Mkutano ulikuwa wa wanaume, hivyo fedha zake alizipeleka kwa mkono wa shemeji, na alipotaka jina lake liandikwe katika lile daftari la mchango, akaambiwa litaandikwa la mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne. Daftari lenyewe liliungua pamoja na duka. Mwana alifariki. Kwa karibu miaka ishirini alipokea fungu lake kila Jumamosi, mpaka kanuni za matatu za 2004, zile za mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, zilipoifanya Pijo iegeshwe.

Wapo watakaoniambia: Bwana, unapiga kelele kwa ajili ya chuma kilichooza. Fungu la mmoja katika kumi na wawili, bei ya kilo ya chuma, ni kitu gani? Haya. Lakini nawauliza, ni wapi pengine palipoandikwa kwamba wakulima wa Kebirigo, mwaka 1983, bila ya benki wala mkopo, walijinunulia usafiri wao na kuuendesha miaka ishirini? Hapakuandikwa. Tunayo nchi hii mashindano ya urembo wa motokaa pale Nairobi tangu mwaka 1970, na tangu 2003 tunayo Safari ya motokaa za zamani, ambayo huwaleta watu kutoka ng'ambo na motokaa zao zilizopakwa nta. Vizuri, sioni ubaya. Ila motokaa zile zina vitabu vya maisha yao kutoka kiwandani hadi leo, na zilizojenga nchi hii zinasagwa bila ya hata mstari mmoja. Sheria ya vyuma vikuukuu ya 2015 humtaka mnunuzi aweke kumbukumbu za anachonunua na anayemuuzia. Pijo ya Kebirigo ingekuwa mstari mmoja katika daftari hilo, uzito na bei, na jina la mwana mkubwa.

Naona mambo mawili yanawezekana, na hayana gharama kubwa. La kwanza ni la wakubwa. Mafaili ya karatasi ya motokaa za zamani, popote yalipo ghalani, yapelekwe Nyaraka za Taifa kabla mchwa hajayamaliza. Humo mna majina ya vyama vya ushirika, shule, makanisa, misikiti, wafanyabiashara wa kila soko, na nani alinunua nini mwaka gani. Mwandishi wa historia atakayeyapata atashukuru. La pili ni letu. Kabla ya kuuza Pijo ya babu, mkae na waliokuwa wakiipanda, na aliyekuwa akiiendesha, na aliyekuwa akiitengeneza, kila mmoja peke yake, mwandike. Msianze na mwenye karatasi. Mwanzeni na asiye na faida.

Siku ya mwisho mwalimu aliwakusanya watu chini ya mparachichi. Katika wale kumi na mmoja wamebaki watatu. Waliobaki waliwakilishwa na watoto na wajukuu. Nilisoma yote niliyoyapata, pamoja na mahali ambapo fundi na dereva walihitilafiana, na sababu yake. Mwana mkubwa alisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akasema kwamba baba yake alikuwa na desturi, kila Jumamosi, ya kumtuma yeye mtoto na bahasha kwa yule mama, wakati dereva akichelewa, na hakuwahi kumwuliza ni ya nini. Alisema ataongea na nduguze kuhusu lori. Hakusema zaidi, na sikumsukuma.

Mwalimu alikuwa amenunua daftari jipya, lenye jalada gumu, na akaanza kuandika majina. Alipofika la kumi na mbili, mama wa pareto, ambaye alikuwa amekaa juu ya kigoda mbali kidogo na wanaume, aliinuka kwa fimbo yake akaja mpaka mezani. Aliomba asomewe lilivyoandikwa. Mwalimu akasoma. Mama akasema hapana, hilo ni jina la marehemu mume wake. Lake mwenyewe liko hivi. Akalitamka polepole, herufi kwa herufi, naye mwalimu akafuta, akaandika upya.